Sanda ya Kuazima

Mamkubwa alirudi kutoka kliniki ya moyo, akavua viatu mlangoni, akaenda moja kwa moja chumbani kwake. Mimi nilikuwa jikoni namwekea chai. Nikamsikia anapiga magoti, anavuta pumzi, anapapasa chini ya kitanda.

"Sanduku langu liko wapi?"

"Si wamechukua watu wa maktaba?" nikamjibu kutoka jikoni. "Leo ndiyo ilikuwa siku yao."

"Watu wa maktaba walikuja kuchukua makaratasi ya baba yako mkubwa. Mimi naulizia sanduku langu."

"Mamkubwa, makaratasi si yalikuwa humo humo sandukuni?"

Nilipoingia nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, baibui bado mwilini, mkono kifuani.

"Lahaula," akasema. "Wameondoka na sanda yangu."

Nieleze kidogo, maana hapo mimi mwenyewe nilibaki nimeduwaa na kikombe mkononi. Mamkubwa ni dada yake mama yangu, na nilipokuja London kusomea unesi nikitokea Tanga, ndiye aliyenipokea. Baadaye nikahamia kwangu Lewisham na binti yangu, lakini siku za kliniki na za wageni nilikuwa kwake. Aliishi Kilburn, ghorofa ya tatu, katika fleti ambayo aliingia akiwa bibi harusi. Mumewe, baba mkubwa, alikuwa mshairi. Yeye na wenzake, watu wa visiwa vya Karibi na wa Afrika Magharibi, walianzisha harakati ya waandishi weusi sebuleni pale pale, enzi ambazo mimi sijazaliwa. Walikuwa na mashine ya kurudufu jikoni, karibu na jiko la gesi, na kwa mashine hiyo walitoa vijitabu vya mashairi ya ukombozi vyenye harufu ya wino na bizari. Harakati ikaisha, watu wakazeeka, baba mkubwa akafariki, vijitabu vikabaki vinazuia mlango wa choo usijifunge wenyewe. Halafu siku moja ikaja barua kutoka maktaba kubwa mjini, ambayo sitaitaja jina kwa sababu tumeshapatana. Kumbe vile vizuizi vya mlango vimekuwa vitabu adimu. Wanaomba wapewe vyote, pamoja na makaratasi yote ya marehemu, wanaandaa maonyesho.

Mamkubwa alifurahi sana. "Chukueni," aliwaambia kwenye simu. "Mimi nimechoka kuyafuta vumbi."

Sasa habari ya sanda. Kwetu mtu mzima akishaona miaka imekwenda, hangoji kununuliwa sanda na watu. Anajitafutia mwenyewe, anaiweka tayari, na maisha yanaendelea. Ya mamkubwa ilitoka Makka. Alikwenda kuhiji na mama yake, yaani bibi yangu, na wote wawili waliziloweka sanda zao katika maji ya zamzam, wakazikamua kwa mikono, huyu kashika upande huu na yule upande ule, wakazianika juu ya paa la nyumba waliyofikia. Bibi alishazikwa na yake. Ya mamkubwa, vipande vitano vya pamba nyeupe, ilikunjwa pamoja na karafuu maiti na vipande vya udi, ikafichwa chini kabisa ya sanduku la makaratasi, kwa kuwa alijua hakuna mtu atakayefukua mashairi ya mumewe kwa hiari yake. Mimi sikujua. Mtu humuulizi mkubwa wako sanda yake anaiweka wapi. Ni kama kumuuliza anaondoka lini.

Na hata ningejua, nisingefua dafu. Yule bwana wa maktaba, mhifadhi wao, mtu mpole mwenye ndevu na sweta ya sufu, alipofika asubuhi ile nilitaka kulisafisha sanduku kwanza. Juu tu palikuwa na chanuo na pakiti tupu ya biskuti. Nilipoinyanyua ile pakiti, akaruka kama nimeshika kisu.

"Tafadhali usiguse kitu! Mpangilio wa mwenyewe ndio wenye maana. Tunachukua kama kilivyo."

"Hata takataka?"

"Hatujui bado kama ni takataka," akasema, akafunga mfuniko taratibu, akaondoka na sanduku, na chanuo, na pakiti ya biskuti, na sanda ya mama yangu mkubwa.

Kesho yake nikapiga simu. Nilijua ni jambo la dakika mbili.

"Samahani," nikamwambia, "katika lile sanduku kuna kitambaa cheupe kimeingia kwa bahati mbaya."

"Kile kitambaa!" Sauti yake ilichanua. "Tumekizungumza asubuhi nzima! Sasa hivi kimelala kwenye friza."

"Kwenye friza?"

Akanieleza ndio utaratibu wao. Kila kitu cha nguo kinachoingia lazima kigandishwe wiki kadhaa ili wadudu wafe, na hiki walikishuku zaidi kwa sababu kinanuka dawa. Mamkubwa, aliyekuwa amesimama karibu yangu ameinamisha sikio, akanishika mkono.

"Wameweka sanda yangu kwenye friza? Pamoja na nini?"

"Peke yake, mamkubwa."

"Muulize vizuri. Isije ikatoka inanuka nguru."

Nikaona nimalize ubishi kwa kusema ukweli. Jamani, laiti ningenyamaza! Nikamwambia yule bwana kwamba kile si kitambaa tu, ni sanda, nguo ya kuzikiwa.

Nikasikia penseli inakwaruza karatasi.

"Sanda ya nani?"

"Ya mjane mwenyewe."

"Lakini yu hai?"

"Yu hai, yuko hapa ubavuni kwangu, amekasirika."

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mwanamke aliye hai alitayarisha sanda yake mwenyewe, akaiweka katikati ya mashairi ya ukombozi."

"Hakuiweka katikati ya mashairi! Aliiweka chini ya kitanda!"

"Chini ya kitanda cha ndoa," akasema yule bwana, na penseli ikakwaruza tena.

Tangu hapo kila nilipofungua mdomo, ndivyo sanda ilivyozidi kupanda cheo. Nilimwandikia barua pepe, akanijibu kwa adabu zote. Alisema kitu kikishaingia katika mkusanyiko hakitoki ila kwa idhini ya kamati, na kamati itauliza jambo moja: je, kitambaa hiki ni kazi ya huyo mama au si kazi yake? Kama si kazi yake, basi hana haki ya kukidai, maana alishawapa vyote vilivyokuwamo sandukuni. Na kama ni kazi yake, basi ndiyo kazi pekee ya mwanamke katika mkusanyiko mzima wa harakati, na haiwezekani kabisa kuiachia. Nilisoma barua ile mara mbili kwenye treni ya kutoka kazini, abiria wakanitazama nikiguna peke yangu. Ikiwa si yake hapewi, na ikiwa ni yake ndiyo hapewi kabisa!

Ningecheka, lakini kulikuwa na moyo. Mamkubwa alikuwa na valvu imechoka, na hospitali ilishampa tarehe ya operesheni. Mimi nesi, nimewaona wenye moyo wa namna ile, najua nini hutokea wakingoja. Nikamwambia tutanunua nyingine. Madukani huko Barking zinauzwa tayari, zimekatwa, ziko ndani ya mfuko na maelekezo juu.

"Ya dukani?" Alinitazama kama nimemtukana. "Ile mama yangu ameikamua kwa mikono yake. Mimi niko upande huu, yeye upande ule, maji yanatutiririka mpaka viwikoni, tunacheka. Halafu nikamkute huko nimevaa ya kwenye mfuko wa plastiki? Siendi kulazwa mpaka sanda yangu iwe nyumbani. Mtu haingii kisuni hajui atavaa nini akitoka."

"Mamkubwa, utatoka mzima."

"Basi nikitoka mzima nitaikuta. Ubaya uko wapi?"

Na akapiga simu mwenyewe hospitalini akaahirisha. Nilisimama pale mlangoni nikamsikia anawaambia kwa Kiingereza chake kizuri, anachokijua kuliko mimi, kwamba anaomba radhi, ana shughuli na maktaba. Huyu mama alinilea ukubwani, na alikuwa anataka kufa kwa ajili ya nguo ya kufia.

Friza ilipoiachia sanda, tukapewa apointimenti ya kwenda kuiona. Kuiona tu. Ilibidi mamkubwa aandikishwe kama msomaji, aje na uthibitisho wa anwani, apigwe picha. Tulifika amevaa baibui lake la sikukuu. Wakatuambia tuache mikoba kwenye kabati, tunawe mikono, tusiingie na kalamu, na kila mmoja akapewa penseli.

"Penseli ya nini?" akaniuliza.

"Ya kuandikia, mamkubwa."

"Niandike nini? Nimekuja kuangalia nguo yangu."

Akaipokea hata hivyo, akaishika wima mkononi kama mshumaa, akaingia. Wasomaji wote walikuwa kimya, wameinamia vitabu vyao. Yule mhifadhi akaja anasukuma kitoroli, juu yake boksi la kijivu, akaliweka mezani juu ya mto. Haki ya Mungu, mto! Akafunua karatasi laini tabaka kwa tabaka, na sanda ikatokea, nyeupe, imekunjwa vizuri kuliko alivyoikunja mwenyewe. Kwenye pembe ya kila kipande walikuwa wameshona kitepe kidogo chenye namba.

Mamkubwa akainama akanusa. "Karafuu maiti wametoa," akaninong'oneza. "Na udi." Akavifunua vipande kimoja kimoja. Bwana akasema kwa upole kwamba kanuni ni kipande kimoja kwa wakati mmoja. Mamkubwa hakumsikia, au hakutaka. Akakichukua kile kirefu, akasimama, akakipima begani mpaka miguuni kuona kama bado kinamtosha, kwa kuwa siku hizi amekonda.

"Mama, tafadhali," bwana akasema, sasa jasho linamtoka, "wasomaji hawaruhusiwi kuvaa nyaraka."

Chumba kizima kiliinua vichwa. Nilitamani sakafu inimeze. Mamkubwa akamgeukia, sanda imemfunika kutoka kidevuni, akamwambia, "Mwanangu, siivai. Siku ya kuivaa sitasimama."

Yule bwana hakuandika kitu. Alimtazama tu, na nadhani siku ile ndiyo alianza kuelewa, ingawa kuelewa kwake hakukutusaidia, maana kamati si yeye. Ilikunjwa tena, ikarudi kwenye boksi, boksi likarudi kwenye kitoroli. Baada ya hapo tukarudi Kilburn mikono mitupu, ila mamkubwa alisahau kurudisha penseli.

Maonyesho yakafunguliwa mchana wa Jumapili moja. Kwa mjane wa mwanzilishi waliweka kiti mstari wa mbele. Ukumbini kulikuwa na vijitabu vile vile vya mlango wa choo, kila kimoja ndani ya kioo chake, chini ya taa yake. Kulikuwa na chanuo. Kulikuwa na ile pakiti ya biskuti, lebo yake inasema ni ushahidi wa hali ya maisha ya mwandishi mweusi. Na katikati ya ukumbi, ndani ya kioo kikubwa kuliko vyote, vipande vitano vimetandazwa. Lebo ilisema ni kazi isiyo na jina, ya mwanamke wa harakati, na kwamba weupe wake ni ukurasa ambao mwandishi mweusi alinyimwa.

"Nani alininyima ukurasa?" mamkubwa akauliza. "Kurasa nilizipiga taipu mimi, zote hizi."

Kweli. Alizipiga taipu zote, akazungusha mkono wa mashine, akabana pini, na wakati huo huo akapika pilau ya wanaharakati. Nilikuwa nimevitazama vile vijitabu kwenye vioo. Kila kimoja kina ukurasa wa shukrani. Wamemshukuru mpaka mwenye duka la karatasi. Yeye hayumo.

Ndipo akasimama mzee mmoja, mtu wa Karibi, mshairi wa mwisho aliyebaki hai katika kundi lile. Amevaa kofia ya kitambaa nyeusi, ameshika fimbo, sauti bado inatikisa madirisha. Akahutubia habari za enzi hizo, watu wakapiga makofi. Kisha akaunyoosha mkono kuelekea kwenye kioo kikubwa.

"Siku tulipoutandaza weupe ule barabarani," akasema, "mabasi yalisimama. Polisi walivua kofia. Sitausahau ukimya ule mpaka naingia kaburini."

"Ebo!" mamkubwa akasema kwa sauti. "Mwongo huyu!"

Kwa bahati alisema kwa Kiswahili, watu wakadhani ni shangwe, wakapiga makofi zaidi.

Mamkubwa alimngojea kwenye meza ya vinywaji. Mzee alipomwona alifungua mikono yote miwili, amefurahi kikweli, lakini mamkubwa hakuja kukumbatiwa.

"Shemeji," akamwambia kwa Kiingereza, na hilo neno moja akaliacha kwa Kiswahili kama alivyokuwa akimwita zamani, "mabasi gani yaliyosimama?"

Mzee akatazama juisi yake.

"Ile ni sanda yangu. Nimeinunua Makka. Wewe umeiona leo kwa mara ya kwanza. Umekula kwangu miaka yote ile, ukilala kwenye kochi langu, na leo unanizulia mabasi?"

"Nisamehe," mzee akasema. Ile sauti kubwa ilikuwa imemwishia. "Unajua wanavyofanya. Wananiita, wananiuliza, je, unakumbuka? Nikisema sikumbuki, hawaniiti tena. Na nyumbani kwangu hakuna mtu, shemeji."

Hasira ikamtoka mamkubwa nikiiona. Akamtwalia sambusa mezani akampa. Akamweleza yote, kuhusu bibi na zamzam, kuhusu operesheni, kuhusu kamati. Mzee akasikiliza hadi mwisho akitafuna, kisha akavua kofia yake akatuonyesha ndani. Kulikuwa na kitepe kidogo chenye namba.

"Niliwapa makaratasi yangu mwaka jana, na kofia ilikuwa juu yake," akasema. "Kurudishiwa haiwezekani, nimejaribu. Lakini msanii anaruhusiwa kuazima kazi yake mwenyewe kwa ajili ya onyesho. Mimi kila nikiitwa mahali naiazima, nikimaliza naipeleka. Niko kwenye hiyo kamati. Waombe kuazima."

"Kwa ajili ya onyesho gani?"

Mzee akamtazama. Mamkubwa naye akamtazama. Halafu wakaanza kucheka wote wawili, wazee wale, wakashikana mabega, mpaka yule mhifadhi akaja kuuliza kama kuna tatizo.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu. Mamkubwa siku ile aliweka Kiingereza kando, kama afanyavyo jambo likiwa zito, akaniambia nitafsiri na nisipunguze neno. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa na maswali yake.

Onyesho litafanyika wapi?

"Makaburini," nikatafsiri. Wakainamisha vichwa kwa heshima.

Lini?

"Mungu ndiye ajuaye." Wakanong'onezana kidogo, mmoja akasema ni kazi isiyofungwa na wakati, wakaandika.

Watazamaji?

"Kwenye kuvalishwa ni wanawake tu. Wanaume wasubiri nje, watabeba."

Je, kazi itaguswa na kimiminika chochote? Mamkubwa akasema lazima atiwe marashi ya waridi, hilo halina mjadala. Basi wakaanza. Nilikaa pale mimi, nesi mzima niliyeacha wodi yangu, nikiwasikiliza watu wenye digrii wakijadili kiasi cha marashi ambacho pamba inaweza kuvumilia. Mmoja alipendekeza maji yaliyochujwa. Mamkubwa akapiga meza. Mzee mwenye kofia akasema yeye anadhamini marashi. Wakakubali marashi, kwa uangalifu.

Swali la mwisho lilikuwa la kurudisha. Mhifadhi ndiye aliyejibu kabla sijafungua mdomo. Alisema, akiwa ameinamisha macho, kwamba anapendekeza muda uachwe wazi, na maktaba iwe inauliza hali ya kitu mara kwa mara. Mwenyekiti akamtazama kwa muda juu ya miwani yake. Kisha akasogeza karatasi ya kutia saini.

Mamkubwa alitoa penseli mkobani, ile ile yao. Akasoma neno lililochapwa chini ya mstari, mahali pa yeye kutia saini: msanii. Akalisoma tena. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule.

Kwenye basi la kurudi, boksi la kijivu mapajani, alinigeukia tulipokaribia nyumbani. "Miaka yote ile mimi nilikuwa mtu wa chai," akasema. "Leo nimekuwa msanii kwa sababu nitakufa." Nikadhani analia, nikamshika mkono. Alikuwa anacheka. Au vyote viwili, sijui. Mimi nililia.

Alilazwa mwezi uliofuata na akatoka salama. Kabla ya kwenda aling'oa vile vitepe vya namba kwa meno, akavibandika kwenye mlango wa friji kwa sumaku, akatia karafuu maiti mpya, akairudisha sanda katika boksi lake chini ya kitanda, sasa ikiwa peke yake, bila mashairi. Kila baada ya muda ilinijia barua pepe kutoka maktaba kuuliza hali ya kitu kilichoazimwa. Nilikuwa nampigia kumsomea.

"Waambie ipo," alikuwa akijibu, huku nasikia kikaango kinachacharika nyuma yake, "na mwenyewe yupo."

Nikaandika hivyo hivyo. Ilitupatia mwaka na zaidi, ile valvu mpya. Alikuja kukaa kwangu Lewisham sikukuu mbili, akagombana na jirani yangu habari ya mapipa ya taka, akamfundisha binti yangu kupika mchuzi wa papa, huyu anamjibu kwa Kiingereza na yule anamkaripia kwa Kiswahili, na mchuzi ukaiva. Halafu asubuhi moja alipomaliza kuswali alfajiri akajilaza, hakuamka.

Walikuja akina mama wa kuosha kutoka Barking. Nililivuta boksi kutoka chini ya kitanda, nikafunua zile karatasi laini tabaka kwa tabaka, kama nilivyomwona yule bwana akifanya, nikawakabidhi. Mkubwa wao akaipokea, akaigeuzageuza.

"Mashallah," akasema. "Imekunjwa vizuri sana hii. Nani kaikunja?"

"Maktaba," nikamjibu.

Marashi sikuyapima. Niliimiminia yote yaliyokuwamo chupani, kamati inisamehe. Nilipomwona amefungwa ndani ya nguo ile, nikamwona na bibi upande wa pili, anakamua, maji yanamtiririka mpaka viwikoni, nikatoka nje.

Kitu kama miezi miwili baadaye barua pepe ikaja. Yule mhifadhi mwenye ndevu alishahamia kazi nyingine. Jina lililokuwa chini ya barua silijui. Niliketi jikoni nikaifungua. Maswali yalikuwa yale yale, kila moja na nafasi yake ya kujibu. Je, kitu kimewekwa mahali penye giza, mbali na jua? Ndiyo, nikaandika. Je, kuna watu wasio na ujuzi wanaokishika? Hakuna anayekishika. Je, hali ya joto inabadilikabadilika? Huko chini haibadiliki sana. Je, mnatarajia kukirudisha lini? Nikaandika: Siku ya Kiyama. Na kwenye nafasi ya maoni nikaandika: ipo, na mwenyewe yupo nayo.

Kesho yake likaja jibu. Walinishukuru kwa majibu kamili. Walisema muda wa kuazima umeongezwa kama nilivyoomba, na wakaniomba nimfikishie msanii salamu zao.

Jumamosi nikapanda basi, nikaenda nikamfikishia.